Kura ya Kokwa

Jumatano, 18 Juni 2003

Raghad kaninunulia daftari. Kasema niandike kila nikipata nafasi, tena niandike kama namwandikia mtu asiyetujua, maana ndivyo walivyofundishwa chuoni Nizwa. Haya, mtu usiyetujua, karibu. Mimi ni Shukriya, mkunga mstaafu, mzaliwa wa Unguja, mkazi wa Ibra tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi. Mume wangu ni Himid, alifanya kazi idara ya umeme mpaka akachoka kupanda nguzo. Raghad ni binti yetu wa mwisho. Yuko likizo, na kazi yake likizo ni kulala.

Leo soko la wanawake. Nimerudi na tende za naghali, hizi zinazotangulia kuiva na muuzaji anajua kuwa zimetangulia. Sokoni hakuna mazungumzo ila kadi za kura. Zamani waliopiga kura ya Majlisi ya Shura, baraza la taifa, walikuwa watu maalumu waliotajwa na wakubwa. Mwaka huu ni kila Muomani mtu mzima, mume kwa mke. Sisi tumeshachukua zetu. Picha yangu imetoka kama ya mtu aliyeamshwa na moto.

Ijumaa, 20 Juni

Himid kenda sabla. Sabla ni ukumbi wa wanaume wa mtaa wetu, na kila Ijumaa baada ya sala yumo. Anakaa karibu na mlango, penye viatu, anakunywa kahawa, anarudi. Nikimuuliza kasema nini, hakusema kitu. Nikimuuliza kaulizwa nini, hakuulizwa.

Lakini jambo moja linanipa raha. Kahawa ikitoka, finjani ya kwanza anapewa yeye, kabla ya wazee wenye ndevu mpaka kifuani. Nimewasimulia hata ndugu zangu Maskati, na nimewasimulia zaidi ya mara moja.

Jumatatu, 30 Juni

Joto. Bomba la maji baridi linatoa maji ya kunyonyolea kuku.

Jumatano, 9 Julai

Mtaa umechemka kuliko jua. Kura ya serikali ni Oktoba, na kila mwenye kadi atapiga. Lakini hapa watu huingia sabla kwanza, wakakubaliana juu ya mtu mmoja, kisha mtaa mzima ukampa huyo. Ukigawanyika, mitaa mingine inatupita. Kwa hiyo kura yenyewe hasa inapigwa sabla, na sabla ni ya kabila.

Sisi hapa hatuna kabila. Babu yake Himid alitoka Izki kwenda Unguja, na tuliporudi hakuna mtu wa Izki aliyetukumbuka. Kazi ya umeme ikatuleta Ibra. Tuko kama sisi wengi: Waarabu waliorudi kutoka Burundi, Mbaluchi wa gereji, jamaa wa Ashkhara waliohamia na samaki wao wakavu. Tunakunywa maji ya falaji moja, mfereji wa mtaa, na wenyeji, tunazikana, tunaozana mara moja moja, lakini nani apigiwe kura hatuulizwi.

Wanaotajwa ni wawili, wote wa kabila la wenyeji. Mmoja ni Hood, mfanyabiashara wa Maskati, anakuja Alhamisi na gari lake na kuondoka Ijumaa. Wa pili ni Nadhir, mwalimu, anayekaa hapa hapa na kufundisha watoto wa kila mtu. Hood ni mtoto wa Sheikh Thuwaini, na Sheikh Thuwaini ndiye mkubwa wa sabla. Sasa hapo unatazamia nini?

Nasema kweli, mzee huyu simpendi. Wajukuu zake nimewapokea kwa mikono hii, na akinikuta njiani salamu anaupa ukuta.

Jumanne, 15 Julai

Leo nimekwenda kumsaidia Shaikha, mke wa Sheikh Thuwaini. Ni wakati wa tabsili, tende za mabsali zinachemshwa zikiwa bado manjano kwenye masufuria makubwa ya shaba, kisha zinaanikwa. Moshi, mvuke na jua, vyote juu ya kichwa kimoja. Shaikha ana umri wangu, ana magoti mabaya, na hakai kitako mpaka sufuria la mwisho limeepuliwa. Huyo nampenda.

Katika mazungumzo nikajisifu kidogo, kama kawaida yangu. Nikamwambia namna wanaume wao wanavyomheshimu Himid, kahawa ya kwanza ni yake. Shaikha akaniangalia kwa huruma, nami sipendi kuangaliwa kwa huruma.

"Ya Umm Asaad," akasema, na Asaad ndiye mtoto wetu mkubwa, "kahawa ya kwanza si hupewa mgeni? Mwenye nyumba hunywa mwisho."

Hakusema kwa ubaya. Nikaendelea kukoroga tende. Miaka yote hii nimejivuna kwa mume wangu kuambiwa kila Ijumaa kwamba hapa si kwake.

Himid nilipomwambia alisema, "Najua." Alijua tangu mwanzo, akaniacha nifurahi.

Ijumaa, 25 Julai

Naandika mbio kwa furaha, msomaji samehe mwandiko.

Leo sabla karibu ipasuke. Nyumba ya Hood upande mmoja, nyumba ya Nadhir upande wa pili, wako sawasawa. Wiki mbili sasa hawasalimiani vizuri, na leo mtu mmoja alivaa viatu aondoke bila kuaga, jambo ambalo hapa ni kama kutukana. Ndipo Himid aliposema. Himid wangu! Kutoka pale mlangoni kwenye viatu, kwa Kiarabu chake cha kuokota nguzoni.

"Nikawaambia, jamaa, kwa nini mtengane? Fanyeni qur'a," kanisimulia, bado kasimama, hata kofia hajavua. "Wakanigeukia wote. Nikadhani nimekosa adabu. Mara Sheikh Thuwaini kasema, kweli, qur'a. Na wa upande wa pili wakasema qur'a. Aliyevaa viatu akavua. Mama Asaad, wamekubali! Ijumaa ijayo."

Yaani watapiga kura. Sabla ya kabila itapiga kura kwa neno la mtu wa mlangoni. Nimepika pilau, na leo si sikukuu.

Jumamosi, 26 Julai

Asubuhi nzima sifa. Jirani kaleta sahani ya halua. Mwenye duka kakataa kumruhusu Himid alipie mkate, kasema mtu aliyeupatanisha mtaa halipi mkate leo. Shaikha kaja kwa miguu yake, na magoti yale, kunambia kuwa mume wangu ana hekima. "Kamwachia Mungu achague," akasema. "Nani atamkasirikia Mungu?"

Hapo nikahisi kitu hakikukaa sawa. Kiarabu changu ni cha hospitali: vuta pumzi, sukuma, mtoto wa kiume. Shaikha alipoondoka nikamwamsha Raghad.

"Qur'a ni nini?"

Raghad alikaa kitandani, akafikiri, kisha akacheka mpaka akashika mto. "Mama! Hiyo maneno si moja! Qur'a ya Waarabu ni ile ya falaj, wanaweka majina, wanatoa moja tu, bas. Bahati. Ile yetu ya kuchagua wanaita taswiit. Baba kawaambia watoe jina kama wanagawa maji!"

Nilikaa kwenye kitanda chake. Sisi tunasema kura, neno ni la Kiarabu, tumelichukua, tumelivaa, limekaa vizuri mwilini hata tumesahau kuwa wenyewe wanalivaa vingine. Himid kawaambia wachague. Wao wamesikia wabahatishe.

Himid alipojua hakucheka. Aliuliza tu, "Ndiyo maana wakakubali wote?"

Ndiyo maana. Bahati haimwaibishi mtu. Atakayekosa atasema haikuandikwa.

Jumapili, 27 Julai

Tumeteta siku nzima, tukanyamaza, tukateta tena.

Mimi nilimwambia anyamaze. Naandika hivyo hivyo, sijipambi. Nilimwambia, mtaa umetulia, watu wanatuletea halua, kwa mara ya kwanza jina lako linatajwa sokoni. Ukienda kusema ulikosea neno, watakucheka mpaka wajukuu. Tena utawarudisha kwenye ugomvi, na safari hii watasema kauleta Mzinjibari.

"Wananisifu kwa neno ambalo sikulisema," akasema.

"Lakini sifa ni za kweli."

"Mama Asaad, miaka yote sikuulizwa. Leo nimesikilizwa, na walichosikia si mimi. Sasa huko mlangoni atakuwa amekaa nani?"

Nikamwambia afanye atakavyo. Nilisema kwa hasira, na nilikuwa namwonea fahari, vyote kwa pamoja, na kimoja nilikificha.

Jumatatu, 28 Julai

Kenda. Kavaa kanzu nyeupe na kilemba kama anakwenda kuposa. Karudi magharibi, kakaa uani, nami nikamsogezea kiti changu.

Sheikh Thuwaini alimpokea peke yake, akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamuuliza, "Huko kwenu qur'a ni nini, ya Bu Asaad?"

"Kila mtu anasema lake bila kuonekana, kisha yanahesabiwa."

"Kila mtu? Hata anayekaa karibu na viatu?"

"Huyo zaidi, sheikh. Huyo ndiye asiyeulizwa."

Himid anasema mzee alizungusha tasbihi. Kisha akauliza lile ambalo sisi wenyewe hatuulizani. "Na qur'a yenu kule iliwafikisha wapi?"

Kule ni Unguja, kura zile na mapinduzi yaliyozifuata. Nilikuwa msichana, namkumbuka mama akifunga dirisha.

"Nikamwambia, sheikh, nilikuwa kijana mdogo," Himid kasema. "Ninachokumbuka ni kuwa watu waliacha kusalimiana kabla ya kura, si baada yake. Na hapa mmeshaanza."

Mzee alimmiminia kahawa, akamsindikiza mpaka mlango wa nje. Basi. Hakusema ndiyo, hakusema siyo.

Ijumaa, 1 Agosti

Leo ilikuwa siku ya kutoa jina. Halikutolewa. Sheikh Thuwaini kasema sabla itangoja, na sababu hakutoa.

Jumatano, 6 Agosti

Upepo wa moto. Sokoni mwanamke mmoja kaniuliza kama ni kweli mume wangu kabadili maneno. Nikamwambia mume wangu kayanyoosha. Sikununua kitu.

Jumapili, 10 Agosti

Mwenye duka leo kachukua pesa ya mkate.

Alhamisi, 14 Agosti

Shaikha haji, nami siendi. Himid kila jioni anakwenda kuangalia falaji, ati maji yamepungua. Maji hayajapungua. Anakwenda kukaa mahali ambapo hakuna wa kumuuliza. Raghad kaacha kucheka. Kanambia, "Mama, baba ni mtu mkubwa, wallahi," kisha akaenda kuosha vyombo bila kuambiwa. Nimeyaandika yote mawili kwa kuwa yote mawili ni nadra.

Ijumaa, 22 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nianze na mlango.

Jana adhuhuri ulibishwa. Nikafungua, na aliyesimama juani, na bakora yake, ni Sheikh Thuwaini mwenyewe. Akasema, "Salaam aleikum, ya Umm Asaad." Mimi, si ukuta. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba, kwa watu wa Burundi, kwa Mbaluchi wa gereji, kwa jamaa wa Ashkhara, na kila mlango alisema maneno yale yale: anayekunywa maji ya falaji yetu ana neno katika sabla yetu, kesho baada ya sala, wanaume na wanawake. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye ndevu. Nilimpa maji, akanywa akiwa amechutama kizingitini. Kisha akasema jambo ambalo nadhani lilimsumbua muda wote, "Mwanangu Hood nimemwambia anaweza kukosa. Kanijibu, basi nikose mbele ya watu wote." Akainuka kwa bakora, akaenda mlango wa pili.

Leo sabla ilijaa mpaka nje. Sisi wanawake tulikuwa chumba cha nyuma cha Shaikha, dirisha linatazama ukumbini, tunaona na kusikia. Baadhi ya wazee wa kabila walinuna. Mmoja alisema kwa sauti kuwa sabla si soko, kila apitaye aingie. Sheikh Thuwaini hakupandisha sauti.

"Bu Asaad alituambia qur'a," akasema. "Sisi tukasikia tulilotaka kusikia. Angeweza kunyamaza akale halua yetu. Kaja nyumbani kwangu kunambia kuwa nimemsifu kwa kosa. Mtu wa namna hiyo namtaka ndani ya jambo letu, si mlangoni mwake. Leo tunafanya qur'a aliyoikusudia yeye."

Nilishika nondo za dirisha. Himid alikuwa anatazama chini, masikio mekundu.

Ndipo zikapitishwa tende, kila mtu moja. Tule, tubaki na kokwa. Yakaletwa madele mawili, mabirika ya kahawa, matupu, la shaba la Hood kulia na jeupe la Nadhir kushoto, yamefunikwa kwa kitambaa kimoja kikubwa. Unaingiza mkono chini ya kitambaa, unadondosha kokwa unakotaka, unatoa mkono. Mtu akuone wapi? Kijana wa Burundi aliyesimama mstarini alikuwa na kokwa mdomoni, ati asije akaiangusha njiani.

Wanaume walipomaliza, Sheikh Thuwaini aliyabeba madele yeye mwenyewe mpaka kwenye mlango wetu, akageuza uso, akayasukuma ndani. Shaikha alitangulia. Mkono wake ulikaa chini ya kitambaa muda mrefu. Mama ni mama, na Hood ni wake wa kwanza. Alipoutoa alikuwa na macho ya maji, akasema joto la tabsili bado limo machoni. Hakusema aliweka wapi, sikumuuliza, na sitamuuliza. Mimi nilimpa Nadhir, kwa sababu kawafundisha watoto wangu kusoma, na nilipotoa mkono nikajisikia mrefu.

Wakamwaga kokwa kwenye mkeka mbele ya wote. Za Nadhir zilizidi. Si kwa nyingi, lakini hakuna aliyehitaji kuhesabu mara ya pili. Kila jicho likamtazama mzee. Hood akainuka, kanzu yake ya Maskati imekunjamana kama za wengine, akavuka ukumbi, akambusu Nadhir begani. Na Sheikh Thuwaini akasema, "Mtaa umesema."

Mzee huyu nilimwandika vibaya mwezi uliopita. Sifuti. Nataka ionekane nilikotoka.

Jumatatu, 8 Septemba

Raghad karudi chuoni Nizwa na boksi la tende. Nyumba imekuwa kubwa.

Jumatano, 24 Septemba

Tende za mwisho zimeshushwa. Alfajiri nimejifunika shuka, mara ya kwanza tangu Mei.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimepiga kura. Asubuhi Hood alikuja na lile gari lake, akawa anawachukua wanawake wazee wa mtaa mmoja mmoja kuwapeleka wakampigie mtu aliyemshinda. Aliponifungulia mlango nikamwambia, "Mwanangu, mama yako kakuzaa vizuri." Akacheka, "Si wewe uliyekuwepo?" Kumbe anajua. Nilikuwepo walipozaliwa watoto wake, yeye alizaliwa kabla sijafika Ibra, lakini sikumsahihisha.

Upande wa wanaume, Himid anasema, walitaka kumtoa Sheikh Thuwaini mstarini wampeleke mbele kwa umri wake. Akakataa. Alisimama juani nyuma ya Himid, bakora mkononi, mpaka zamu yake ikafika.

Jumapili, 5 Oktoba

Nadhir kakosa. Mtu wa mtaa wa juu kamshinda.

Alhamisi, 9 Oktoba

Maneno yameanza. Wale walionuna wanasema tungeachia bahati tungepata, au tungemweka Hood mwenye pesa. Mmoja kamwambia Himid usoni kuwa qur'a ya Zinjibari haileti mvua. Nilimwomba kesho asiende sabla, apumzike wiki moja, mpaka wasahau. Alinisikiliza vizuri sana, na nikimwona ananisikiliza vizuri sana najua hatafuata.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kenda. Mimi nilipanga kabati ambalo halikuhitaji kupangwa.

Alichelewa kurudi. Nilipomwona anaingia uani polepole, kofia mkononi, nikajua wamemfanyia jambo. Akakaa kwenye kile kiti changu.

"Leo kahawa imenipita," akasema.

Damu ikanipanda. Nilikwisha kujifunga ushungi niende kwa Sheikh Thuwaini mwenyewe, na bakora yake asingekuwa na la kufanya nayo.

"Ngoja," akasema. "Walikuja wageni kutoka Bidiya. Nilikuwa nimeshakaa pale pangu, kwenye viatu. Sheikh kaniita mbele ya watu: ya Bu Asaad, unakaaje na wageni wamefika? Simama huku na sisi uwapokee. Nikasimama nao mstarini, mimi nikiwa baada ya Hood. Tukawapa mkono wageni, tukawakalisha. Kahawa ikatoka. Wakapewa wageni. Wakapewa wazee. Ikaja upande wetu, ikawa inatupita tu, inarudi kwa wageni, ya pili, ya tatu. Nimekaa nangoja, Mama Asaad. Nimengoja na wenye nyumba."

"Halafu?"

"Halafu nikapewa mwisho. Ya chini ya dele. Imepoa, sira tupu."

Alicheka mpaka akajipangusa macho, na mimi nililia bila ya kucheka. Nikaingia jikoni nikamchemshia kahawa nzuri, ya moto, na iliki nyingi kama anavyopenda. Kaikataa. Kasema nisimwondolee ile ladha mdomoni, angalau mpaka kesho.